Uzi: Tunapohakiki riwaya za vijana za njozi na distopia, tuulize kwanza sheria ya dunia ile ni ipi na nani anailipia

Mleta uzi (Arusha)

Wanajukwaa, habari za jioni. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma vitabu pamoja na vijana wa sekondari, kila Jumamosi alasiri, sebuleni kwetu hapa Sekei. Vitabu tunavyovipenda zaidi ni riwaya za njozi zilizoandikwa kwa ajili ya vijana, pamoja na zile zinazosimulia dunia za baadaye ambamo watawala wamegeuza kila kitu, hata chakula na ndoto za watoto, kuwa kamba ya kuwafungia watu. Hizi za pili wengi wanaziita distopia, nami nitalitumia neno hilo hilo. Nakala zetu karibu zote ni za mtumba, tena nyingine hazina jalada, kwa hiyo tunasoma kwa kupokezana na kila anayemaliza anaandika uhakiki wa ukurasa mmoja au miwili kabla ya kumkabidhi mwenzake.

Jambo lililonifanya nifungue uzi huu ni uhakiki wenyewe. Miezi ya mwanzo karibu kila karatasi niliyopokea ilifanana na nyingine: fani juu, maudhui chini, halafu mandhari, wahusika, dhamira, migogoro na ujumbe, kila kimoja kikiwa na mistari yake mitatu. Siwalaumu vijana, wala siulaumu utaratibu huo, kwa sababu mtihani unaudai na una faida yake. Lakini utaratibu ule umezoea riwaya ambayo dunia yake msomaji anaijua tayari. Mwandishi anayesimulia maisha ya Kariakoo hana haja ya kutueleza deni ni nini au polisi ni nani. Mwandishi wa njozi ameiumba dunia nzima kwa mkono wake, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Kijana akiandika kwamba “mandhari ni ya kubuni” kisha akaruka kwenda kwa wahusika, ameiacha kazi hiyo bila kuigusa.

Aliyenifungua macho ni binti wa kidato cha pili ambaye kwa wiki tatu alikuwa akija, anasikiliza, na kuondoka bila kusema neno. Tulikuwa tunasoma The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008. Wanaoijua wanakumbuka kwamba nchi ya Panem ina wilaya 12, na kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wakapigane hadi kufa mbele ya kamera, na kwamba majina yao hupatikana kwa bahati nasibu katika siku ambayo mwandishi ameiita Mavuno. Wenzake walikuwa wanabishana kuhusu mapenzi ya Katniss, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, na Peeta. Yeye aliomba karatasi akaanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kijana akifikisha miaka 12 jina lake linaingia mara moja, akiwa na 13 mara mbili, hivyo hivyo hadi mara saba akiwa na miaka 18. Mpaka hapo mtu anaweza kusema watoto wote wako sawa mbele ya chungu cha majina. Lakini mtoto wa maskini anaruhusiwa kuliongeza jina lake ili apewe nafaka na mafuta kidogo ya kumshikiza mtu mmoja kwa mwaka, na anaweza kufanya hivyo kwa ajili ya kila mtu wa nyumbani kwao, na majina aliyoyaongeza hayafutwi mwaka ukiisha bali yanalimbikizana. Katniss ana miaka 16, kwa hiyo majina yake ya lazima ni matano. Tangu akiwa na miaka 12 amekuwa akijichukulia chakula yeye, mama yake na mdogo wake, yaani majina matatu kwa kila mwaka katika miaka mitano, ambayo ni 15. Jumla ni 20. Rafiki yake Gale ana miaka 18 na nyumbani kwao wako watano: saba ya lazima, na 35 ya chakula, jumla 42. Binti yule aliiweka karatasi mezani akasema, “Huu ni mkopo, na dhamana yake ni mtoto.”

Sikuwa na la kuongeza. Sentensi ile moja ilikuwa uhakiki kamili kuliko kurasa nyingi tulizokuwa tumeandika, kwa kuwa aliitafuta sheria inayoiendesha dunia ile, akaifuata hadi nyumba ya mwisho, akamwona anayelipa. Tangu siku ile ndiyo maswali mawili tunayoanza nayo: dunia hii inaendeshwa kwa sheria gani, na nani anailipia? Likifuata la tatu ni hili: je, mwandishi ameitii sheria aliyoitunga mwenyewe, au ameivunja pale ilipombana?

Wala msidhani swali hili la tatu tumelitoa ng'ambo. Katika kisa cha Fumo Liongo tunaambiwa tangu mapema kwamba hakuna silaha inayoweza kumuua isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Msimulizi hakuisahau sindano yake katikati ya safari. Liongo anakufa kwa sindano ile ile, na anayeichoma ni mwanawe mwenyewe, aliyeambiwa siri na baba. Sheria imetimia na gharama yake imeonekana. Nakaribisha maoni, hasa ya wanaosoma na vijana.

Mchangiaji (Moshi), mzazi

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi wa watoto watatu, naishi Majengo hapa Moshi. Nimeusoma uzi wako wote, nao umenigusa, lakini nina jambo linalonisumbua na ningependa unijibu bila kunionea aibu. Binti yangu mkubwa alirudi likizo na riwaya yenye wachawi watoto, visu vya kichawi na viumbe wa ulimwengu wa roho, yaani Akata Witch ya Nnedi Okorafor. Sisi ni watu wa kanisa. Sikukichukua kitabu, lakini nililala na mashaka. Distopia naielewa, kwa kuwa inamfundisha mtoto kuitambua dhuluma. Njozi za uchawi zinamfundisha nini? Tena tunaishi katika nchi ambayo imani za kishirikina zimewaua watu.

Mleta uzi (Arusha)

Baba, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi, na ninakushukuru zaidi kwa kutokichukua kitabu. Mashaka yako yana sehemu mbili, na mimi naona moja ina uzito kuliko nyingine.

Kuhusu uchawi kwa ujumla, watoto wetu walilelewa katika njozi kabla ya riwaya hizi kufika. Huko kwenu mtoto anaambiwa jinsi Mawenzi alivyokwenda mara kwa mara kuomba moto kwa nduguye Kibo, hata Kibo akachoka akampiga, na ndiyo maana Mawenzi ana vilele vilivyovunjika. Hakuna mtoto aliyeamini kwa sababu hiyo kwamba milima inapigana, ila wengi wameijua tabia ya jirani asiyejitafutia kuni. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze, ana majini na ana mtu anayelazimika kuwapiga kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake wa tumbo moja. Tuliisoma bila kuogopa, kwa sababu tulijua inazungumza juu ya husuda ndani ya nyumba.

Akata Witch, iliyotoka mwaka 2011, ina sheria ya uchawi ambayo mimi kama mwalimu naiheshimu sana. Katika jamii ile ya siri, fedha hazipatikani kwa kafara wala kwa kumdhuru mtu. Zinadondoka kutoka juu pale tu mtu anapojifunza jambo. Anayejifunza jambo kubwa anadondoshewa nyingi, anayerudia alichokijua jana hapati kitu. Muulize binti yako kuhusu sheria hiyo kabla ya kumuuliza kuhusu visu. Naamini mtakuwa na mazungumzo mazuri.

Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito, na hapo niko upande wako. Mhusika mkuu, Sunny, ni msichana wa miaka 12 mwenye ualbino, aliyezaliwa New York na anayeishi Aba, Nigeria. Anapenda mpira wa miguu lakini jua halimruhusu kucheza mchana pamoja na wengine. Riwaya inaufungamanisha ualbino wake na kipawa chake: kile ambacho watu wanakiona kuwa dosari ndicho kinachobeba nguvu. Kwa msomaji wa Marekani hilo ni jambo la faraja tupu. Kwa msomaji wa Tanzania, ambaye alisikia habari za Kanda ya Ziwa katika miaka ya 2000, pale watu wenye ualbino walipokuwa wakishambuliwa na kuuawa kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri, wazo la kwamba mwili wenye ualbino una nguvu zisizo za kawaida haliwezi kupokelewa hivi hivi. Simaanishi mwandishi alikosea. Sunny si kifaa cha mtu, ni yeye mwenye kukitumia kipawa chake, na tofauti hiyo ni kubwa. Lakini mhakiki wa Arusha au Moshi asiyeigusa hoja hii atakuwa amekihakiki kitabu kana kwamba anaishi mahali pengine.

Vijana wetu wana faida ya kipekee hapa, kwa kuwa wengi wao wanasoma Takadini ya Ben Hanson katika Fasihi ya kidato cha tatu na cha nne. Mle mama anayeitwa Sekai anatoroka na mtoto wake mchanga kwa kuwa mila inataka auawe kwa ajili ya ualbino wake. Hakuna uchawi wa kumwokoa, kuna miguu ya mama tu. Niliwapa vijana wawili kazi ya kuziweka riwaya hizi mbili pamoja, na mmoja wao akaandika kwamba katika Takadini jamii inabadilika kwa sababu mtoto anajulikana kuwa mtu wa kawaida, na katika Akata Witch mtoto anaheshimika kwa sababu si wa kawaida, na kwamba yeye angechagua ile ya kwanza. Sikubaliani naye moja kwa moja, kwa kuwa mtoto aliyedharauliwa ana haki ya kuota kuwa shujaa. Bado tunabishana.

Mchangiaji (Arusha), mwanafunzi wa kidato cha tano

Shikamoo mwalimu, shikamooni wote. Mimi nimemaliza juzi Divergent ya Veronica Roth na nataka kuiandikia uhakiki, lakini nimekwama katika mambo mawili. Kwanza, wenzangu wanasema ni riwaya ya mapigano na mapenzi tu, na mimi nimeipenda sana, sijui niitetee vipi. Pili, kila nikianza kuandika najikuta nasimulia hadithi yote hadi mwisho, na aliyesoma uhakiki wangu anasema hana tena sababu ya kukitafuta kitabu.

Mleta uzi (Arusha)

Marahaba, mwanangu. Kuipenda kwako ni mwanzo mzuri, usikuonee haya. Riwaya ile, ya mwaka 2011, inatuonyesha mji wa Chicago wa baadaye uliogawanywa katika makundi matano, kila kundi likiabudu sifa moja: kujinyima, ujasiri, maarifa, ukweli na amani. Kijana akiwa na miaka 16 anapimwa, kisha anasimama mbele ya watu kuchagua kundi atakaloishi nalo, na akichagua tofauti na wazazi wake amewaaga. Wewe umetoka kupangiwa tahasusi juzi. Umewaona wenzako waliopangiwa masomo ya sayansi wakati mioyo yao iko kwenye historia na lugha, na umewaona wazazi waliolia. Nadhani ndiyo sababu riwaya ile imekugusa, na hapo ndipo pa kuanzia utetezi wako, kwa sababu mwandishi ameichukua hofu ya kweli ya umri wenu akaipa sheria na sherehe.

Halafu umuulize swali gumu. Nani analipia makundi yale matano? Wako watu wasio na kundi, walioshindwa majaribio, ambao ndio wanaofagia, wanaozoa taka na kuendesha mabasi kwa malipo ya chakula na nguo. Mji mzima umesimama juu ya mabega yao. Soma tena kitabu cha kwanza uhesabu ni mara ngapi tunaingia katika maisha yao, na mara ngapi tunapita tu karibu nao tukiwahurumia. Mimi naona mwandishi aliiona gharama ya sheria yake, kisha akageuza uso haraka kwa kuwa mafunzo ya kuruka kutoka kwenye treni yalikuwa yanamvutia zaidi. Huo ndio udhaifu ninaousema kila mara nikizungumzia kitabu hicho, na ninausema nikiwa miongoni mwa walioisoma usiku mmoja bila kulala.

Kuhusu kusimulia hadi mwisho, sisi tuna utaratibu mmoja tu: mhakiki yuko huru kuieleza sheria ya dunia yote, kwa sababu hiyo ndiyo mlango, lakini haruhusiwi kueleza sheria hiyo ilimfikisha wapi mhusika. Unaweza kuniambia kwamba Katniss ana majina 20 kwenye chungu, hujaniharibia kitu, umenipa hofu. Ukiniambia nani anarudi nyumbani, umeninyang'anya.

Mchangiaji (Moshi), mwalimu wa Kiswahili

Mwalimu mwenzangu, nimefurahi kwa uzi huu, ila nina lawama kidogo, nayo ni ya kindugu. Karibu vitabu vyote ulivyovitaja vimeandikwa kwa Kiingereza. Kijana wa kidato cha pili anayehangaika na lugha ataachwa nje. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951, miaka kumi kabla ya uhuru wa Tanganyika, nayo ni nchi iliyo hewani ambamo kijana Karama anashitakiwa kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, kila mmoja akarudi na mema hayo, na kila mmoja akalipwa adhabu. Kama hiyo si distopia, sijui distopia ni nini. Na Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inaanza na mtu anayehukumiwa kufa kwa kurushwa angani, kisha inamfikisha katika nchi ambayo jina lake lenyewe, ukilisoma polepole, linakuambia wale ni sisi.

Mleta uzi (Arusha)

Lawama nimeipokea yote. Kusadikika tumeisoma, na ilinishangaza kwamba vijana waliielewa upesi zaidi baada ya kusoma The Hunger Games kuliko walipoisoma kabla. Tulipoanza nayo waliiona kama kitabu cha mawaidha. Walipoirudia wakiwa na maswali yetu mawili, wakaiona sheria yake: katika nchi ile, anayeleta faida ndiye anayelipa, na wanaolipwa ni wale wanaokaa na mfalme bila kwenda popote. Kijana mmoja alikumbusha kwamba mji wetu huu wenyewe una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, akasema angependa kuandika kesi ya Karama ikisikilizwa hapa. Nimemwambia aiandike. Walenisi sina nakala, na anayejua pa kuipata Moshi au Arusha naomba aniambie hapa hapa.

Lakini nina sababu ya kutoviacha vya Kiingereza, na sababu hiyo ni Kiswahili chenyewe. Sheria yetu ya pili sebuleni ni kwamba uhakiki wote unaandikwa kwa Kiswahili, hata kitabu kiwe cha lugha gani. Hapo ndipo kijana anapolazimika kukielewa kweli, kwa kuwa kila dunia ya aina hii ina maneno yake ya serikali, maneno laini yanayofunika jambo gumu, na huwezi kuyapa neno la Kiswahili mpaka uwe umeuona ugumu uliofunikwa. “Mavuno” lilikuja bila shida, na kwa watu wanaolima lilitisha kuliko lilivyo kwa Kiingereza.

The Giver ya Lois Lowry, ya mwaka 1993, ilitutesa wiki mbili, na ambaye hajaisoma na aishie hapa kwa sasa. Jamii ya mvulana Jonas, mhusika mkuu, imeondoa rangi, imeondoa vilima na baridi, imeondoa uchaguzi, ili watu wote waishi kwa namna moja. Kijana aliyeihakiki aliliita jambo hilo “usawa.” Nilimsimamisha. Katika mji uliotoa Azimio la Arusha mwaka 1967, usawa ni neno ambalo wazee wetu walilibeba kwa matumaini, na usawa wa haki si kitu kimoja na watu kufananishwa kama matofali ya kiwanda kimoja. Walibishana hadi saa ya kuondoka ikapita, wengine wakisema mkanganyiko huo ndio hasa mwandishi anautaka, kwamba watu wale waliahidiwa usawa wakapewa kitu kingine. Mwishowe waliandika “ufanano” katika uhakiki, wakaweka aya nzima kueleza kwa nini hawakuandika usawa. Aya ile ndiyo bora kuliko zote walizowahi kuandika.

Likabaki neno la wazee na watoto wachanga wanaoondolewa katika jamii ile kwa sherehe na tabasamu. Mmoja alipendekeza “kupumzishwa.” Lilikuwa sahihi kupita kiasi, kwa kuwa kwetu msomaji akiliona tu ameshajua kila kitu katika ukurasa wa kwanza, ilhali Jonas mwenyewe anachelewa sana kujua. “Kuachiliwa” lilinukia jela. Yule binti wa hesabu, ambaye siku hizi anazungumza, alikuwa ametoka kumchukua bibi yake hospitalini asubuhi ile. Akasema wauguzi walipomwambia habari njema walitumia neno moja tu, na watu wote wodini walimpongeza bibi. Akachukua kalamu, akakata “kuachiliwa,” akaandika juu yake: “kuruhusiwa.”